Mchuzi wa Kihindi Mtwara: Tunacholipia na Kinachokosekana Mezani

Kuna ubishi usiokauka hapa Mtwara kila watu wanapopanga kwenda kula nje. Mmoja anasema twende hoteli ya Kihindi. Mwingine anauliza kwa nini alipe pesa nyingi kwa mchuzi wa tangawizi, kitunguu saumu, giligilani na binzari nyembamba, ilhali viungo hivyo vyote vimo jikoni kwa mama yake na mama anavijua vizuri. Wa kwanza anajibu kwamba kuku wa tanuri na mkate wa naan havipikwi nyumbani. Wa pili anamkumbusha kuwa noti ya 10,000 kwa mama lishe wa sokoni inashibisha watu watatu na chenji inarudi.

Wote wawili wana hoja. Ila naona wanapoteza muda kwenye bei, wakati shida kubwa ya migahawa hii iko kwenye menyu.

Migahawa yenyewe si mingi. Mjini Mtwara ni ya kuhesabu kwa vidole, na mingine ni kurasa mbili tatu za vyakula vya Kihindi ndani ya menyu ya hoteli ya wageni. Lindi ni michache zaidi. Lakini popote utakapokaa, orodha ni ileile: kuku wa siagi, tika masala, korma, biriani, paniri (jibini laini ya Kihindi) kwa mchicha, dengu za manjano, naan ya kitunguu saumu. Ukisomewa orodha hiyo bila kuambiwa uko wapi, hutajua kama uko Shangani hapa Mtwara, Dar es Salaam au Birmingham kule Uingereza.

Kufanana huko kuna historia yake. Kuku wa siagi alianzia Delhi, kwenye jiko la wakimbizi wa Kipunjabi waliohamia huko India ilipogawanywa kuwa India na Pakistan mwaka 1947. Tika masala ilipata jina Uingereza, kiasi kwamba mwaka 2001 waziri wa mambo ya nje wa huko, Robin Cook, aliitaja kuwa chakula halisi cha taifa lao. Na wengi walioendesha migahawa ya Kihindi Uingereza hawakuwa hata Wapunjabi. Walitoka Sylhet, ambayo leo iko Bangladesh, wakapika walichoona kinanunulika. Menyu iliyozaliwa hivyo ndiyo iliyozunguka dunia na ndiyo iliyotufikia sisi.

Wahindi wa kusini mwa Tanzania hawakuwa watu wa menyu hiyo. Wafanyabiashara wa zamani wa Mikindani, mji mkongwe jirani na hapa, ambao nyumba zao za ghorofa bado zinaonekana, nyingine zikiwa magofu, na wenzao wa Lindi na Kilwa, wengi asili yao ilikuwa Gujarat na Kutch, magharibi mwa India. Msingi wa chakula chao ulikuwa nafaka na kunde: dengu, wali uliochanganywa na choroko, mboga kavu, chapati nyembamba, achari ya maembe, chatini ya ukwaju. Sehemu ya jiko hilo ilishaingia mitaani kwetu, ndiyo maana bajia na sambusa hakuna anayeziita chakula cha wageni. Sehemu nyingine iliondoka na wenyewe, hasa baada ya sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kwa hiyo mtu anayetetea mgahawa wa leo kwa kusema unatunza historia ya mji anaupa sifa usiyostahili. Jiko la Mikindani halimo kwenye orodha ile.

Tuje kwenye bei, maana ndiyo inayouma. Anayelalamika aanze na barabara. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560, na paniri, krimu, siagi, majani makavu ya uwatu na viungo vya pakiti vyote vinapita hapo. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo upande wa Kilwa na Lindi, magari yakakwama. Mama lishe ambaye samaki wake wanatoka soko la samaki la Feri na nazi anainunua kwa jirani hakutikiswa sana. Mgahawa unaoishi kwa krimu na paniri hauna ujanja siku kama hizo. Ongeza majokofu yasiyozimwa, jenereta, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa aliyesajiliwa.

Halafu kuna msimu. Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa, mji unajaa wanunuzi, wengi wao wakinunua kwa ajili ya viwanda vya India na Vietnam. Wanajaa madereva wa malori, mawakala, watu wa maghala, na viongozi wa vyama vikuu vya ushirika. Meza zinagombewa. Ikifika Machi, mhudumu anasimama mlangoni akitazama barabara. Na msimu wenyewe haujawahi kuwa na uhakika: Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwapa wanajeshi kazi ya kuzisomba, wanunuzi binafsi walikaa pembeni, na kila biashara iliyowategemea wageni hao ikakosa wateja wake. Mwenye mgahawa analipa kodi ya pango miezi 12 kwa mapato mazuri ya miezi mitatu au minne. Sahani unayokula wewe mwezi wa Mei imebeba sehemu ya mzigo huo.

Hoja ya "mama anavijua viungo hivyo" nayo naomba tuipime kwa haki, kwa sababu inasemwa kirahisi mno. Ni kweli anavijua. Wanawake wa pwani yetu wanapika pilau na biriani ambazo hakuna mgahawa wa hapa unaozifikia, na sisemi hivyo kwa kujipendekeza. Lakini rojo nzuri ya korma inadai vitunguu vikaangwe taratibu mpaka vigeuke rangi bila kuungua, mtindi uingizwe kidogo kidogo usikatike, korosho zilowekwe, zisagwe, zichujwe. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Anayesema nyumbani ni bure anamaanisha kwamba kazi ya mama haistahili malipo. Mwanamke aliyepika mwezi mzima akikaa hotelini Jumamosi jioni, akaletewa sahani na wengine wakaosha vyombo, familia imelipia kitu cha maana zaidi kuliko kuku. Hilo peke yake kwangu linatosha kuhalalisha safari moja moja ya kula nje.

Tanuri pia lina haki yake. Joto lake huweza kupita nyuzi 400 za Selisiasi, naan inabandikwa ukutani mwake na kuiva kwa dakika moja au mbili. Jiko la mkaa la nyumbani haliwezi kuuzungushia mkate joto la namna hiyo, wala la gesi ya mtungi.

Na kuna mboga. Huku kwetu mboga nyingi hupikwa kama kisindikizo, na asiyekula nyama wala samaki akienda hotelini anaambiwa ale wali maharage. Jiko la Kihindi linaipa bamia au bilinganya heshima ya kuwa chakula kikuu: inachaguliwa, inakaangwa peke yake, inaungwa kwa viungo vyake. Kwa Wahindu wasiokula nyama na Wajaini, ambao dini yao inakataza nyama, wanaokuja kwa kazi ni jambo la lazima. Kwetu ni nafasi ya kuona bilinganya za soko letu zinaweza kufika wapi.

Hapo ndipo utetezi wangu unapoishia na malalamiko yanapoanza.

Tazama dengu za manjano. Nchini India mchuzi huo mara nyingi hupikwa kwa mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Mbaazi! Zao ambalo Masasi, Nachingwea na Newala wanalilima, na ambalo soko lake kubwa ni India hiyohiyo. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao, bei ilianguka na wakulima wa huku wakabaki na magunia ndani. Mgahawa mmoja, au hata kumi, hauwezi kumaliza magunia hayo, na sitadai hivyo. Ila inaniuma kuona pakiti ya dengu iliyosafirishwa kutoka mbali ikifunguliwa kwenye jiko lililo jirani na soko lenye mbaazi za kilo kwa kilo. Sisi wenyewe tunakula mbaazi za nazi asubuhi kwa maandazi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema mteja atazikataa.

Korosho ni hivyohivyo. Rojo ya korma na ya kuku wa siagi mara nyingi hupata uzito wake kutokana nazo. Akina mama wanaobangua hapa Mtwara wana tatizo la vipande vilivyovunjika, ambavyo bei yake iko chini kwa sababu mnunuzi wa kula mkononi anataka korosho nzima. Kwa rojo, korosho inasagwa. Uzima wake hauna maana yoyote. Mwenye mgahawa anayenunua vipande kutoka kikundi cha jirani anapunguza gharama yake na anampa mbanguaji soko la kile kilichokuwa kinamlalia. Sioni mpango rahisi kuliko huo, na sielewi kwa nini menyu zetu haziutangazi.

Lakini pengo kubwa kuliko yote ni samaki. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho ghafi za Afrika zilizoingia India zilibanguliwa Kollam, mji wa pwani katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Watu wa Kollam hula samaki kwa mchuzi wa nazi, kwa ukwaju au embe bichi, pamoja na wali. Msomaji wa Mikindani au Msangamkuu hahitaji kuelezwa ladha hiyo, kwa kuwa mchuzi wa samaki wa tui na embe bichi ni chakula chake. Pwani mbili zinazounganishwa na korosho zinapika karibu chungu kimoja, tofauti ikiwa kwenye majani ya mchuzi, mbegu za haradali na kiasi cha pilipili. Halafu tunaingia kwenye mgahawa wa Kihindi ulio dakika chache kutoka baharini tunakuta sahani za watu wa nchi kavu ya kaskazini: siagi, krimu, jibini. Samaki akiwepo ni kipande kilichopakwa masala nyekundu na kuchomwa hadi kikauke, mradi jina lake liwemo kwenye orodha. Kolekole, nguru, changu na pweza wanabaki kwa mama lishe, ambaye kwa hakika anawatendea haki.

Wenye migahawa wana jibu, na si jibu la kubeza. Mteja wa msimu, wanasema, amechoka na safari na anataka kitu anachokijua. Ofisa aliyekuja semina kutoka Dodoma anataka kuku wa siagi kwa sababu aliwahi kumla Dar es Salaam. Samaki wa leo si wa kesho. Pepo zikibadilika boti hazitoki, na menyu iliyochapwa haiwezi kumwambia mteja asubiri bahari itulie. Kuku wa kwenye jokofu yupo siku zote. Tena mpishi mkuu aliyeletwa kutoka India mara nyingi amefunzwa menyu hiyo ya kaskazini, na kumtaka apike vinginevyo ni kumtoa kwenye anachokimudu.

Sehemu ya jibu hilo naikubali. Mgahawa unaotegemea miezi minne hauwezi kufanya majaribio mwezi wa Novemba. Lakini kuanzia Machi hadi Septemba wateja ni wakazi: walimu, wafanyakazi wa bandari na wa mitambo ya gesi, wauguzi wa hospitali ya Ligula, familia zinazosherehekea mahafali. Hawa ndio wanaosema bei haifai, na wanasema hivyo kwa sababu wanaletewa kitu kisicho na uhusiano wowote na mji wao. Samaki wa siku kuandikwa kwenye ubao mlangoni hakuhitaji menyu mpya. Sahani hiyo haihitaji krimu ya kilomita 560, kwa hiyo inaweza kuuzwa kwa bei nafuu kuliko kuku wa siagi na bado ikamwachia mwenyewe faida.

Kuhusu mpishi, pale jikoni kuna vijana wa hapa wanaomenya vitunguu, wanaokanda unga na kuchunga tanuri. Baada ya muda wanaijua kazi nzima isipokuwa mchanganyiko wa masala, ambao mara nyingi hufungiwa. Hofu ya mwenye mali naielewa: kijana akijua kila kitu atakwenda kufungua kwake. Lakini huyo kijana ndiye mtu pekee mle ndani anayejua tui la kwanza linaingia lini na la pili lini, na embe bichi la mwezi gani ndilo lenye ukali unaofaa. Kumweka kando na kuagiza mpishi mwingine kila mkataba unapokwisha ni gharama inayorudi kwenye bili ya mteja.

Kwa sasa, anayekwenda na familia yake ningemshauri aagize mboga mbili, dengu na naan za kutosha, wagawane, aache kuku wa siagi kwa wageni wa msimu. Kisha amuulize mpishi kama anaweza kupika kolekole kwa nazi na embe bichi kama wanavyopika Kerala, na aseme yuko tayari kumwagiza siku moja kabla. Meza chache zikiuliza hivyo kila wiki kuanzia Machi, mwenye mgahawa atakuwa na sababu ya kibiashara ya kwenda Feri asubuhi.