Hoti rodi ya polepole: kokisineli yangu haina haraka

Mi niseme wazi toka mwanzo, hoti rodi, ni kusema motoka ya zamani yenye mtu anaikata na kuitengeneza upya ili ikimbie, kama imeanza na kumalizika ndani ya miezi tatu siiamini, hata rangi ing'ae namna gani. Hapa Lubumbashi watu wakiona Volkswagen kokisineli (Beetle) imesimama mu parseli mwaka mzima bila milango, wanasema mwenye nayo amefilisika, ama bibi amemukataza, ama kichwa yake haiko sawa. Bakijana wa avenyu yetu walishaniambia mara mingi, yaya, uza ile bati ununue Toyota IST, utakuwa unatembea kama watu. Mi nawajibu kutembea nimeshatembea, sasa nataka kutengeneza.

Maana IST iko kila kona, volani ku mkono wa kuume, imetoka Japani imepita bahari imeshukia Dar es Salaam ikapanda Zambia mpaka hapa, na ukiifungua kapo hakuna kitu ya kujifunza, iko plastiki juu ya motere na chini ya plastiki iko waya. Ni motoka ya mzuri, sikatai, hata mi naazima ya ndugu yangu nikienda soko. Lakini haikuulizi kitu.

Wengi wanafikiri hoti rodi ni mchezo wa wazungu wenye pesa. Hapana. Kule California, miaka ya 1930, walioanza ni vijana wa mifuko mitupu, walikuwa wanachukua Ford Model T na Model A zenye watu walishachoka nazo, bei ya bure, wanatoa madigadi, wanatoa kila kitu chenye uzito, kisha wanaenda kukimbizana mu maziwa makavu kama Muroc. Mu 1932 Ford akatoa V8 yake, motere ya silinda nane, ya nguvu farasi 65, bei yenye mtu wa kawaida angeweza, na hiyo motere njo iliwaharibu vichwa kabisa. Mu 1937 wakajipanga na chama cha mbio, SCTA, juu mbio zilikuwa zimekuwa za hatari. Kisha vita ikaisha, vijana wakarudi wanajua kuchomelea na kufungua motere, wamejifunza jeshini. Si mabilionea wale. Walikuwa na motoka zimekufa, vyuma, na wikendi. Sasa nani hapa mu komini zetu za Katuba, Kenya, Ruashi anakosa hivyo vitu vitatu?

Na motoka ndogo yenye inafaa kwetu mi naona ni kokisineli. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ilitoka Meksiko mu 2003, na Afrika Kusini ilikuwa inaziunganisha kule Uitenhage toka 1951 mpaka 1979, kwa hiyo piyesi (spea) bado iko, na malori yanapanda toka kule mpaka Kasumbalesa kila siku ya Mungu. Kingine, karoseri (bodi) yake inakaa juu ya plafomu (sakafu yake ya chuma) kwa bulo tu, unafungua bulo pembeni zote, vijana wanne wa nguvu wanainyanyua, na plafomu inabaki chini na magurudumu yake, motere nyuma, volani inasimama peke yake kama fimbo. Lakini tusielewane vibaya: kama iko nzima, karatasi iko, toli (bati yake) haijaoza, usiikate. Muachie muzee mwenye nayo aendeshe ku misa. Kata ile yenye ilikuwa imeanza kuota majani ndani.

Kazi inaanza chini. Hapo njo vijana wengi wanachoka, juu chini haionekani mu foto. Batri ya kokisineli inakaa chini ya kiti ya nyuma, asidi inadondoka miaka na miaka, kwa hiyo ile fasi ya sakafu karibu kila moja imekuwa dantela, matundu matundu. Na zile longeroni za pembeni, vyuma vya chini ya milango, zenye zinapitisha hewa ya moto, maji ya mvua yanaingia humo na hayatoki. Ukikata hizo bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia mlango kwa mlango, karoseri inajikunja kidogo tu, milimita chache, na mlango hautafungika tena mpaka kufa kwako. Watu wanaziba na mastiki (pasta ya kujazia matundu) wanapiga rangi nyekundu wanaita hoti rodi. Mvua ya Novemba ikifika, ukweli unadondoka chini pamoja na mastiki.

Hapa sasa nataka kusema kitu kuhusu mikono. Huu mji ulijengwa na atelie. Union Minière kisha Gécamines, kampuni za shaba, zilifundisha watu kazi ya chuma, ba turneri wa kuchonga, ba ajisteri wa kulinganisha, ba suderi wa kuchomelea, watu wanakupimia kitu kwa kidole kisha ukiweka pied-à-coulisse, kile kipimo cha milimita, unakuta kweli. Mu 2003 zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines mu ile operesheni ya kuondoka kwa hiari (hiari, basi), na wengi wao wamezeeka, wengine hatuko nao tena. Wenye wamebaki unawakuta nyuma ya nyumba na turi moja ya zamani (mashini ya kuchonga chuma), wanatengenezea watu busingi za mashini ya kusagia mahindi. Ba papa wa namna ile huwezi kumuletea kazi asubuhi ukasema nataka jioni. Anachukua piyesi, anaigeuza, anakuuliza nani alikuambia kufanya hivi, anakutuma kuleta chuma ingine, anakueleza mambo ya bwana fulani aliyekuwa shefu wake, na mu ile hadithi ndefu njo anaficha kitu chenye utahitaji mwaka ujao. Mwenye haraka analipa anaondoka na piyesi. Mi nataka piyesi na hadithi yote, kwa hiyo nakaa.

Tuje ku motere, juu najua wengi wamesoma mpaka hapa wakingoja motere. Mtindo sasa ni kuweka ya Subaru, juu nayo silinda zake zimelala kama za Volkswagen, unatengenezesha plaki ya kuunganisha na buati ya vitesi (gia), imeisha. Haijaisha. Ile motere inapozwa na maji, itakubidi radiateri mbele, mifereji ipite chini ya motoka nzima mpaka nyuma, na nguvu yake inaingia mu buati iliyopangwa kwa farasi 50 hivi. Inawezekana, watu wamefanya vizuri, lakini Oktoba ya Lubumbashi na embuteyaji (foleni) ya saa kumi na moja si mchezo. Mi nabaki na ile ya kupozwa na hewa, ya 1600 cc. Ukitaka kuipanua, silinda za milimita 90.5 zinakupa 1776 cc, lazima karteri (mwili wa motere) na kulasi (kichwa cha silinda) zipelekwe ku mashini zipanuliwe. Zile za 88 zenye zinaingia bila kukata kitu zina kuta nyembamba, zinapata moto haraka, usidanganywe na bei.

Na matoli ya kuzunguka motere, tafadhali. Kila mtu akitaka kuonyesha motere yake inang'aa anatoa matoli. Yale njo yanapeleka hewa! Silinda ya 3 tayari inateseka, juu mu zile motere za zamani radiateri ya mafuta imesimama fasi hewa yake inapita, na wewe unaongeza kutoa toli. Kisha unalaumu mekanisie.

Iko pia jambo la mji wenyewe. Tuko juu, karibu metre 1,200, hewa ni nyepesi, motere ya karburateri inapoteza asilimia kumi na kitu ya nguvu yake bila wewe kujua, na jikleri (vitundu vya kupitisha esansi) zilizochaguliwa kwa mji wa baharini zinakunywesha esansi bure. Badilisha jikleri. Halafu vumbi. Toka Mei mpaka Oktoba vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya meno, na vijana wanaweka karburateri mbili zenye filtri ndogo kama kikombe ya kahawa, nzuri sana kwa foto. Ile filtri ya hewa ya zamani, yenye mafuta ndani, ya mubaya, nyeusi, kama sufuria, ilitengenezwa na mtu aliyejua vumbi ni nini.

Umbo nalo. Kwa wenzetu hoti rodi ya kokisineli haina madigadi na inalala chini mpaka inakwaruza. Leta hiyo barabara za Katuba mwezi wa Januari uniambie. Bila madigadi matope yote unayavaa wewe na bibi yako mwenye ameshona liputa mpya, na chini vile utaacha karteri ku shimo ya kwanza. Kwa hiyo yangu inapanda juu kidogo, madigadi ya mbele nimekata nusu nikaacha nusu, ya nyuma nimepanua juu ya pine kubwa. Mtu akisema si hoti rodi ya kweli, sawa, aje na yake tukutane ku shimo. Paa siigusi kabisa, iko na mviringo kila upande, ukishusha kipande kimoja vioo vyote vinakukataa.

Kuhusu kuran, umeme, sitasema mengi, inakatika, inarudi saa saba usiku, suderi analala. Nimezoea.

Mambo ya freni njo yananifanya nisiwe na haraka kuliko yote. Kokisineli za zamani, ekseli ya nyuma inajikunja, ukiingia kona mbio kisha ukaachia gazi ghafla gurudumu linataka kuingia chini ya motoka, na mbele ni nyepesi juu iko reservwari ya esansi tu. Sasa mtu anapanua motere na kuacha freni za dramu za mbele vile ilivyokuwa mu 1963. Nimeona motoka za namna ile zikipita hapa zikipiga kelele, vijana wanashangilia, na mi naangalia tu fasi nitarukia kama akikosa kona.

Yangu motere iko tayari, imefungwa mu plastiki mu kona ya chumba, bibi anaweka ndoo juu yake. Mwezi huu pesa inaenda ku silinda kuu ya freni na mifereji mipya yote, mwezi ujao diski za mbele kama bei haijapanda, kisha ba papa wa turi anataka kuona ekseli kwa macho yake kabla hatujafunga kitu.