Mke wa mshahara, mume wa korosho

Huku Mtwara mke akipanda cheo, maneno huanzia kijiweni. "Yule kaolewa," watasema wakimwona mume kashuka kwenye gari la mkewe. Wengi humaliza mjadala hapo: wivu wa mwanamume. Wivu upo, sikatai, lakini kuna jambo linalosahaulika. Fedha za hawa wawili haziingii kwa wakati mmoja.

Muuguzi wa Newala analipwa kila mwezi. Mumewe hupulizia mikorosho katikati ya mwaka, kisha asubiri minada inayoanza Oktoba, na baada ya mnada asubiri tena malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo waliosubiri fedha kwa miezi. Pengine kwa mwaka mzima mume kaingiza nyingi kuliko mke. Ila ada, unga na umeme havingoji mnada, kwa hiyo anayeonekana kulisha nyumba ni mke.

Hapo mume ana hoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 imemtwika yeye chakula, mavazi na malazi. Mke mwenye uwezo hulazimika kumtunza mumewe pale tu anaposhindwa kujipatia riziki kwa maradhi au ulemavu. Uislamu, dini ya wengi pwani hii, nao unasema mali ya mke ni yake. Mume kabaki na wajibu, mfukoni hamna kitu, halafu anasikia kwa jirani kwamba mkewe kanunua kiwanja. Hicho kiwanja kinauma kuliko mshahara.

Mke naye? Anatoka kazini jioni, apike, aogeshe watoto, na bado abembeleze ruhusa ya kwenda semina Dodoma. Akificha kiwanja, huenda ameshaona fedha za korosho zikiishia kwenye pikipiki na harusi ya mke wa pili.

Wanaosema "mila haziruhusu" mke awe juu ya mumewe ndio wananishangaza zaidi. Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata ukoo wa mama; zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe, na mwenye kauli juu ya watoto alikuwa mjomba. Mila ipi hiyo?

Kwangu, mume anayemzuia mkewe kupokea cheo kwa kuogopa kijiwe amekosea. Mke wa kiwanja cha siri namwelewa, ingawa ugomvi anaoukimbia anauita mwenyewe.