Kaguya-sama na Ule Ugonjwa Wetu wa "Usijirahisishe"

Mdogo wangu kanikuta naangalia Kaguya-sama: Love Is War, anime (katuni ya Kijapani), kwa mara ya tatu, akakaa pembeni na sahani yake ya ubwabwa, akaangalia episodi mbili hajasema kitu, halafu akauliza, "Sasa dada, hawa si wanapendana? Si waseme tu yaishe?" Nikamjibu wakisema hakuna anime. Jibu la kivivu hilo, nililitoa kwa sababu sikutaka kuisimamisha. Ila swali limenikaa kichwani wiki nzima, na nimeona bora nilimwage hapa maana naona watu wengi wanaiacha hii anime njiani kwa sababu hiyo hiyo, wanasema inazunguka zunguka, mtoto wa kike anaringa, mtoto wa kiume muoga, basi. Mimi nakataa. (Humu kuna mambo ya mpaka mwisho wa sizoni ya tatu, kama hujafika huko rudi kesho.)

Kwa asiyeijua, ni hivi. Kuna shule Tokyo inaitwa Shuchiin, ya watoto wa vigogo. Rais wa serikali ya wanafunzi ni Miyuki Shirogane, kichwa balaa, anaongoza darasani. Makamu wake ni Kaguya Shinomiya, binti wa familia yenye makampuni makubwa kiasi kwamba hela zao huwezi kuzihesabu ukamaliza. Wanapendana tangu dakika ya kwanza, sisi tunajua, wao wanajua, hata kuta za kile chumba cha serikali ya wanafunzi zinajua. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameshaamua kwamba kwenye mapenzi anayesema kwanza ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo hakuna anayesema. Kila mmoja anatega mitego ili mwenzake ateleze aseme yeye. Hiyo ndiyo stori nzima, mchora vitabu vya katuni (mangaka) Aka Akasaka kaianza 2015 akaja kuimaliza Novemba 2022, vitabu 28, na studio ya A-1 Pictures ikaanza kuirusha kama anime Januari 2019.

Sasa ukisikia hivyo unaona ni komedi, na ni komedi kweli, nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Kuna yule msimuliaji mwenye sauti nzito anayetangaza kila kitu kama vita vya dunia, mtoto kashika simu tu yeye anasimulia kama jeshi limevuka mto, na mwisho wa kila kipande anatangaza matokeo, leo Kaguya kashindwa, leo Shirogane kashindwa, leo wote wameshindwa. Mimi niliyekulia kwenye kibanda umiza, DJ anaongea juu ya muvi ya Kichina kuliko waigizaji wenyewe, nilijisikia nyumbani kabisa. Na ule wimbo wa ufunguzi wa sizoni ya kwanza kauimba Masayuki Suzuki, mzee wa watu kazaliwa 1956, yaani ni kama stori ya watoto wa sekondari ifunguliwe na mtu wa zilipendwa kavaa suti na miwani myeusi. Inafanya kazi ajabu.

Lakini chini ya kicheko kuna kitu, na sisi tuna neno lake kabisa. Kujirahisisha.

Kila mwanamke anayesoma hapa ameambiwa hilo neno na mtu, mama, shangazi, rumeti, haijalishi. Usijirahisishe. Usijibu meseji haraka. Akikupigia acha iite kwanza. Ukimpenda usioneshe, ukionesha umekwisha. Na wanaume nao wana la kwao, wanaambiana vijiweni usijishushe kwa demu, atakupanda kichwani. Kwa hiyo ukiwaleta wawili kama hao mezani, mmoja hataki kujirahisisha na mwingine hataki kujishusha, unapata nini? Unapata Kaguya na Shirogane, sizoni tatu na muvi. Mwandishi ni Mjapani na sidhani kama aliwahi kumsikia shangazi yangu, ila wangekutana wangeelewana.

Ninachobisha ni pale watu wanaposema eti wale wawili wana kiburi. Kiburi ni cha juu juu. Angalia ile ya chakula cha mchana mapema kabisa sizoni ya kwanza. Shirogane kaja na chakula kajipikia nyumbani, cha kawaida tu, na ndani kuna soseji zimekatwa zikafanana na pweza. Kaguya hajawahi kuona kitu kama hicho maisha yake yote, chakula chake yeye kinapikwa na wapishi, kinapangwa utadhani maonesho. Anazitamani zile soseji vibaya mno. Lakini kuomba ni kujishusha, kwa hiyo anabaki anazikodolea macho, na mwenzao wa serikali ya wanafunzi Chika Fujiwara asiyejua chochote anakuja anaomba kawaida tu anapewa anakula, Kaguya anamwangalia kama anataka kumuua. Vichekesho. Sasa hamia upande wa Shirogane. Yeye akiliona lile jicho anasoma nini? Anasoma dharau. Anadhani mtoto wa tajiri anakicheka chakula cha maskini.

Hapo ndipo ilipo anime yote. Shirogane ni maskini. Baba hana kazi ya kueleweka, mama aliondoka nyumbani, yeye anaendesha baiskeli kwenda shule, jioni anafanya vibarua, usiku anasoma mpaka macho yamekuwa makavu na makali na watu wanadhani ni mkali kumbe hajalala. Shule nzima inamheshimu kwa kitu kimoja, kwamba ni wa kwanza. Akishuka namba mbili yeye ni nani pale? Kwa hiyo anapokataa kusema kwanza haringi. Anajua akisema kwanza atabaki mtu wa chini aliyemwomba wa juu, na hata akikubaliwa atajiona kapewa kama msaada. Anataka Kaguya ndiye aseme, ili walau siku moja wawe sawa. Na Kaguya naye amelelewa kwenye nyumba ambayo ukionesha unataka kitu umempa mtu fimbo ya kukuchapia. Amefundishwa watu ni wa kutumia au wa kukutumia. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje "si useme tu"?

Ndiyo maana ile ya fataki mwisho wa sizoni ya kwanza inaniliza kila mara, na nimeshaizoea lakini wapi. Kaguya kaahidiana na wenzake kwenda kuangalia fataki za kiangazi, siku yenyewe nyumbani wanamzuia, anabaki chumbani. Msaidizi wake Hayasaka anamsaidia kutoroka, anafika mjini, zimeisha. Kakaa kwenye kichochoro peke yake. Shirogane anamfuata mpaka anampata, wanabebana na wenzao kwenye teksi kuelekea mkoa jirani wa Chiba ambako bado zinarushwa, na zinapolipuka mbele yao Kaguya hazioni, anamwangalia yeye tu. Hakuna aliyesema nakupenda. Halafu shule zikifunguliwa wanakimbiana kwa aibu kwa siku kadhaa, Shirogane akikumbuka maneno aliyoyasema usiku ule anataka ardhi impasukie! Nani hajawahi kuamka asubuhi akakumbuka meseji aliyotuma usiku akajifunika shuka?

Sisemi haina makosa. Sizoni ya kwanza kuna vipande vinajirudia, mtego, mtego, Chika anaingia anaharibu, matokeo, mtego tena, ukiangalia episodi nne mfululizo unachoka, mimi nashauri mbili mbili kama dawa. Chika mwenyewe kuna watu wanampenda kupita maelezo kwa sababu ya ile dansi yake ya episodi ya tatu, mimi dozi ndogo inanitosha. Sizoni ya pili ya 2020 ndiyo bora kuliko zote, msinibishie, na sababu siyo hata hawa wawili, ni Ishigami mweka hazina. Yule kijana alisingiziwa shuleni kwake kwa kitu alichokifanya kumlinda msichana, akanyamaza ili msichana asiumie, akaambiwa aandike barua ya kuomba msamaha na akashindwa kuandika mwezi baada ya mwezi. Shirogane anakuja, anachukua kalamu, anamwandikia barua yenyewe, kwa maandishi makubwa, kitu kama "nyamazeni, wajinga nyie!" Nilisimamisha hapo nikacheka huku nalia. Maana mtu huyo huyo aliyeshindwa kumwambia msichana neno moja, kwa rafiki yake maneno kayapata papo hapo.

Halafu kuna hili suala la Wajapani wanaita kokuhaku, wengi wetu linatupita. Kule mtu anakuita pembeni, anasimama mbele yako, anakwambia nakupenda, naomba tuwe pamoja. Ukikubali ndiyo mmeanza. Kabla ya hapo hata mkienda sinema mara kumi inaweza kuwa ni urafiki tu. Sisi kwetu mtu anaweza kujikuta kwenye mahusiano hajui yalianza lini, kaanza kuletewa chipsi, kaanza kuitwa shemeji, basi. Kwa hiyo ukiangalia hii anime kwa macho ya kwetu unaona wanahangaikia sentensi tu, kumbe ile sentensi ndiyo mlango wenyewe.

Na kichekesho ni kwamba mwisho wa sizoni ya tatu, 2022, kwenye tamasha la shule, juu ya mnara wa saa, maputo ya umbo la moyo yamejaa angani, hiyo sentensi haisemwi! Shirogane anamwambia amepata nafasi chuo kikuu cha Stanford, anamwomba waende wote Marekani. Kaguya anambusu. Busu lenyewe siyo la kitoto. Vita vyote vile, akili zote zile, na hakuna aliyetamka neno, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Muvi iliyofuata Desemba mwaka huo huo ndiyo inabaki kuchambua sasa, kwamba busu limepigwa, lakini je, utaniona mimi halisi, niliyechoka, niliye mkali, nisiye wa kwanza? Muvi wengi waliiona nzito. Mimi niliipenda kuliko lile busu.

Sawa, niseme na langu, maana nimewasema watoto wa watu sana.

Chuo, mwaka wa pili, kulikuwa na kaka mmoja darasani kwetu. Simtaji. Jioni tukitoka maktaba ananisindikiza mpaka geti la hosteli, kila siku, na kila kukiwa na tesiti anaazima kalkuleta yangu wakati najua ana ya kwake kwenye begi niliiona. Na mimi naye nilikuwa najifanya sielewi topiki ninazozielewa. Siku moja saa tano usiku katuma meseji, "Umelala?" Nilikuwa nimeshika simu mkononi. Nikaiweka chini, nikasubiri dakika arobaini nimeikodolea macho, nisijeonekana nilikuwa namsubiri, halafu nikajibu, "Nilikuwa nimeshalala, kuna nini?" Akaandika. Akafuta. Akaandika tena. Akafuta. Ikaja "Hakuna kitu, usiku mwema."

Rumeti wangu alinipongeza. Kasema umefanya vizuri, usijirahisishe.

Baada ya pale akaanza kupotea mchana. Sisi tunakula kantini, yeye haji. Nikasema huyu anaringa, kumbe kapata mwingine, nikamnunia. Miaka imepita ndiyo rafiki yake mmoja ananiambia kwamba jamaa hakuwa na mkopo, alikuwa anakula mara moja kwa siku, usiku, kwa mama ntilie wa nje ya geti, na alikuwa anaamini mimi ni mtoto wa kishua nitamcheka. Mtoto wa kishua! Baba yangu alikuwa na Corolla mbovu inasukumwa asubuhi. Kwa hiyo siku nilipoiona ile ya soseji za pweza mara ya kwanza nilicheka kama wote, halafu alipoanza Shirogane kulisoma lile jicho vibaya nikaacha kucheka.

Mwaka jana nikaona nimeongezwa kwenye grupu la Wasap, kamati ya harusi, jina la bwana harusi nalijua. Niliandika meseji ndefu, nikafuta, nikaandika tena nikafuta, mwisho nikatuma "Hongera sana kaka" na ahadi ya elfu hamsini. Nimeshalipa. Naye akanijibu inboksi saa hiyo hiyo, hajasubiri hata dakika: "Asante dada. Kalkuleta yako ninayo."