Ajali ya Pili Ndiyo ya Kuhukumiwa

Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu, Ethiopia, dakika 6 tu baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Baadhi ya jamaa zao walikuwa tayari wanawasubiri Embakasi. Ndege ilikuwa Boeing 737 MAX, na kwetu swali la ndege zilizobuniwa vibaya haliwezi kuwa la vitabuni tu.

Wako wanaoamini usalama wa angani hujengwa juu ya makosa. Ushahidi wao ni Comet ya Uingereza, jeti ya kwanza kubeba abiria kibiashara, mwaka 1952. Mbili zilipasuka angani mwaka 1954. Bodi ya Comet ilipotumbukizwa katika tangi la maji huko Farnborough, Uingereza, na kutiwa shinikizo tena na tena, ikadhihirika kwamba metali huchoka, na nyufa huanzia kwenye pembe za matundu. Somo hilo linamlinda kila abiria wa leo. Comet 4, iliyoundwa upya, ndiyo East African Airways waliyoirusha kutoka Nairobi hadi London kuanzia 1960.

Naikubali hoja hiyo, ila tarehe zinaniudhi. Ya kwanza kati ya Comet hizo mbili ilianguka karibu na Elba, kisiwa cha Italia, Januari 10. Nyingine zikasimamishwa, zikarekebishwa kwa kubahatisha, na Machi zikarudi angani kabla chanzo hakijajulikana. Aprili 8 ikaanguka ya pili, karibu na Naples.

MAX ni mbaya zaidi. Ile ya Lion Air, shirika la ndege la Indonesia, iliua watu 189 Oktoba 29, 2018. MCAS, mfumo wa kompyuta wa ndege hiyo, ulisukuma pua chini kwa kuamini kihisi kimoja, na kitabu cha marubani hakikuutaja. Ni kweli kwamba wachunguzi wa Indonesia walilaumu pia matengenezo na utendaji wa marubani, na utaratibu wa kuzima mota inayosukuma pua ulikuwepo. Hayo yana uzito kwa ajali ya kwanza. Lakini Desemba, hesabu za mamlaka ya anga ya Marekani yenyewe zilionyesha kwamba bila marekebisho, MAX zingeweza kuanguka mara 15 katika maisha yake yote. Ziliachwa ziendelee kuruka. Hapo hakuna anayeweza kusema hakujua, na siwezi kuita hilo kujifunza.

Hata baada ya Bishoftu, Marekani ilizizuia Machi 13, nyuma ya Ethiopia, China na Uingereza.