Ngannou na kalamu aliyoikataa

Akitajwa Francis Ngannou, mpiganaji kutoka Kamerun, watu hukimbilia makonde. Lile la Machi 2021 lililomlaza Stipe Miocic raundi ya 2 na kumpa mkanda wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa ya mapigano mseto, ya ngumi, mateke na mieleka. Au lile lililompeleka bondia Tyson Fury chini kule Riyadh, Oktoba 2023, katika pambano la kwanza kabisa la Ngannou kwenye ngumi za kulipwa. Mimi naona kazi yake kubwa aliifanya mezani, kwa kukataa kusaini.

Turudi Januari 2022. Anatetea mkanda dhidi ya Ciryl Gane, waliyewahi kufanya naye mazoezi Paris. Kano za goti zimeumia. Raundi mbili za mwanzo anapiga hewa. Gane ana miguu myepesi mno. Kuanzia raundi ya 3 anabadilika: anamkamata kiunoni, anambwaga, anamlalia. Jamaa tuliyezoea kumwita wa mabavu tu akashinda kwa mieleka, majaji wote 3 wakampa yeye. Dau lililotangazwa? Dola 600,000. Kwangu na kwako ni pesa ndefu, lakini humo humo kuna makocha, kambi, kodi, na goti linalosubiri kisu cha daktari.

Baada ya hapo aliidai UFC, kwenye mkataba mpya, mambo ya kawaida kabisa: bima ya afya kwa wapiganaji, uhuru wa kutafuta wadhamini wake, na mtu wa kuwasemea wapiganaji vikaoni. Hawakuelewana. Januari 2023 akaondoka akiwa bado bingwa, na wengi wakasema kajimaliza. Mei akasaini na PFL, kampuni shindani ya UFC, mkataba wenye kipengele kwamba hata mpinzani wake asilipwe chini ya dola milioni 2. Yaani kampigania mtu anayekuja kumvunja taya! Hapo ndipo nilipomvulia kofia.

Wanaombeza wanataja Machi 2024, bondia Anthony Joshua alipomzima raundi ya 2 kwenye ngumi. Alipigwa vibaya, sina la kupamba. Ila kijana aliyechimba mchanga Batié, Kamerun, akavuka Sahara na kulala nje Paris, hakuwa na sababu ya kuogopa kupoteza jina. Oktoba mwaka huohuo, miezi michache baada ya kumzika mwanawe mdogo, alirudi kwenye kizimba cha mapigano mseto na kummaliza Renan Ferreira raundi ya 1, mpinzani wa kwanza chini ya mkataba ule wa PFL.