Kuusikiliza mwili si kula ovyo

Mwaka 1995 wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch, walichapisha kitabu kinachomtaka msomaji aache kujinyima, ale kwa kufuata njaa na shibe yake. Tangu hapo pingamizi ni lile lile: ukimruhusu mtu, atakula vitumbua mpaka sahani iishe. Wanaosema hivyo wanadhani kujinyima huizima hamu. Huichochea.

Washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza uzito, The Biggest Loser, walipungua wastani wa kilo 58. Walipopimwa miaka 6 baadaye, kilo 41 zilikuwa zimerudi. Lakini namba ya kutafakari ni nyingine: miili yao, hata ikiwa imepumzika, iliunguza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo na umri wao. Kalori 500 ni kama gramu 140 za unga wa mahindi, ugali wa mtu mmoja. Yaani mmoja wao akiketi na mtu mwingine wa uzito ule ule, mshiriki huyo inambidi auache ugali wake wote, kila siku, ili asinenepe tu. Na leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha na hivyo kutuliza njaa, bado ilikuwa chini kuliko kabla ya shindano. Kumwambia mtu huyo kwamba hana nidhamu ni kumwonea.

Njia yenyewe ya kuusikiliza mwili ina utaratibu wake. Njaa hupimwa kuanzia 1, njaa kali kabisa, hadi 10, shibe ya kupindukia: anza kula ukiwa 3 au 4, acha ukifika 6 au 7. Ukingoja hadi 1 utakula kwa pupa, na shibe, ambayo huchukua kama dakika 20 kusikika, itakupita. Aliyezoea kuruka kifungua kinywa huenda asisikie njaa kabisa mwanzoni. Huyo ale kila baada ya saa 3 au 4 kwa wiki kadhaa, mpaka dalili zirudi. Vyakula alivyojikataza avirudishe kimoja kimoja: chipsi, kwa mfano, azile sahanini, ameketi, pamoja na mlo, si gizani watu wakishalala. Wengi hukwama hapa, maana moyoni wanajiambia kesho naanza tena kujinyima, na anayekiaga chakula hawezi kukibakiza.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, wagonjwa wa kisukari aina ya 2 walipewa kalori kama 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyotulia bila dawa. Waliopata matibabu ya kawaida, asilimia 4. Kuusikiliza mwili hakujaonyesha matokeo kama hayo. Tena mwili hudanganyika: mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall, aliyeongoza pia utafiti wa wale 14, aliwaacha watu 20 wale watakavyo, na walipopewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walizidisha takriban kalori 500 kwa siku. Na anayejidunga insulini asingoje njaa. Sukari yake inaweza kushuka kwanza.

Lakini wengi wanaobandika ukutani orodha ya kalori 1,200 hawana kisukari, wala daktari wa kuwaangalia. Wamepungua mara nne, wamerudi mara nne. Kwao kazi ya kwanza ni kuitambua tena njaa ya 3 kabla haijawa 1.