Kundi Likifika Watu Elfu Moja

Ni nadra siku hizi kumpata mtu mzima wa Amu, yaani mji wa Lamu, mwenye simu ya kisasa ambaye hayumo ndani ya kundi la WhatsApp la mtaa, la madrasa, la wavuvi, la wazazi wa shule au la siasa za wadi. Mengi ya makundi hayo yalianza kwa shughuli ndogo, kupashana habari za tanzia na harusi au kuulizana kama boti ya Mokowe imeshaondoka, kisha yakakua hadi yakawa ndiyo mahali pa kujadiliana mambo ya kaunti. Kadiri yanavyokua, lalamiko huwa ni lile lile: msimamizi, au adimini kama wengi wanavyomwita, anafuta jumbe za watu, anawatoa wasiomridhisha, na usiku anafunga kundi ili yeye na wenzake peke yao waweze kuandika, ilhali hakuna aliyempigia kura.

Wanaolalamika hawalalamiki bure. Lamu ni mahali ambapo maamuzi makubwa yamezoea kufika yakiwa yamekwisha kukatwa. Kazi ya bandari ya LAPSSET, mradi wa uchukuzi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ilizinduliwa Machi 2012, na ilipofika 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu waliokwisha kunyimwa nafasi ya kusema mbele ya serikali wana haki ya kushtuka wanapozimwa sauti na jirani yao. Mvuvi anayeuliza mara ya nne fidia imefikia wapi hasumbui mtu, na msimamizi anayemfutia swali kwa kisingizio cha kutunza amani anastahili kila neno analoambiwa.

Kuna pia hofu ya sheria, ambayo huwafanya wasimamizi wafute kupita kiasi. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inamtishia mwenye kueneza chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, na mwongozo uliotolewa Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, ulimtwika msimamizi mwenyewe jukumu la kudhibiti yanayosemwa mahali anapopasimamia. Nchini India mahakama zimekwenda njia nyingine: Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2021, na ile ya Kerala mwaka 2022, ziliamua kwamba msimamizi wa kundi hawezi kutiwa hatiani kwa sababu tu mwanachama wake ameandika neno baya. Uamuzi huo naona ni wa busara, kwa kuwa mtu anayeogopa kufungwa kwa maneno ya mwingine hatachuja maneno hayo kwa uadilifu. Atayafuta yote na kwenda kulala.

Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya lawama inaelekezwa kwa mtu huyu bila ya kutazama kazi iliyobadilika mikononi mwake. Kwa miaka kadhaa kundi la WhatsApp halikuweza kupita watu 256. Mwaka 2022 kikomo kilipandishwa hadi 512, na kabla ya mwaka huo kwisha kikawa 1,024. Watu husema kwamba kundi limeongezeka mara nne. Idadi ya wanachama ndiyo iliyoongezeka mara nne, lakini katika kundi la watu 256 kuna jozi 32,640 za watu wanaoweza kujibizana, na katika kundi la watu 1,024 jozi hizo ni 523,776, yaani mara kumi na sita. Kila jozi ni uwezekano wa mazungumzo mazuri, na pia ni uwezekano wa watu wawili wasiojuana, mmoja wa mtaa wa Mkomani hapa Amu na mwingine aliyeko Mombasa au Uarabuni, kutofahamiana kwa neno moja lililoandikwa kwa haraka.

Tuchukue hesabu hiyo upande wa msomaji. Kila mwanachama akiandika ujumbe mmoja tu kwa siku, na kila ujumbe ukachukua sekunde tano kusomwa, kundi la watu 256 litamchukulia mtu dakika ishirini na moja hivi. Lile la watu 1,024 litamchukulia dakika themanini na tano. Hakuna mtu mwenye kazi yake anayeweza kutoa karibu saa moja na nusu kila siku kusoma kundi la mtaa, na hapo hatujahesabu video zinazokula bando, wala salamu za Ijumaa zenye picha za maua, ambazo kwa kweli zingetosha kuwa kundi peke yake. Kinachofuata tunakijua: watu wananyamazisha kundi, kisha wanaacha kulifungua, na tangu mwaka 2022 wanaweza hata kutoka kimyakimya bila ya wenzao kutangaziwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watetezi wa uhuru wa kusema hawalipi haki yake. Wanaoondoka si watu wowote tu. Anayeondoka mwanzo ni yule ambaye muda wake na bando lake ni chache: mvuvi wa Kizingitini anayepata mtandao akirudi nchi kavu, mama anayeuza vitafunio tangu alfajiri, mwalimu aliyestaafu asiyependa kutukanwa na kijana asiyemjua baba yake. Wanaobaki ni wenye nafasi na wenye ngozi ngumu, na baada ya miezi kadhaa mawazo ya watu thelathini yanaitwa maoni ya Lamu. Mwanamke aliyeandika mara moja kuhusu maji ya mtaa wake, akajibiwa kwa kejeli juu ya ndoa yake, haandiki mara ya pili. Hakuna aliyefuta ujumbe wake, na kwa hivyo hakuna anayehesabu kwamba amenyimwa uhuru. Ukimya wa namna hii ni mkubwa kuliko ule unaotokana na kidole cha msimamizi, ila hauachi ile alama ya ujumbe uliofutwa ambayo watu huipiga picha na kuisambaza.

Jibu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba wazee wetu walizungumza barazani bila ya msimamizi. Ni kweli kwamba hapakuwa na mtu mwenye cheo hicho. Lakini baraza la mawe lenyewe lilikuwa na kikomo, kwa kuwa lilikalisha watu kumi au kumi na watano, wote wanajulikana ni wana wa nani, na aliyevuka mpaka alikatizwa na mzee kwa kukohoa tu, kisha jioni ya pili alirudi akakaa pale pale. Mambo matatu yalifanya kazi hapo: uchache, kujuana, na nafasi ya kurudi bila ya kuaibishwa. Katika kundi la watu elfu moja, mawili ya kwanza hayapo, na mtu mmoja ndiye anayetakiwa kuyafidia.

Na anayafidia peke yake. Tangu Aprili 2016 jumbe za WhatsApp zinasafiri zikiwa zimefungwa kiasi kwamba kampuni yenyewe haisomi yaliyomo. Hilo ni jema kwa faragha, lakini maana yake ni kwamba hakuna ofisi ya mbali itakayouona uvumi na kuuondoa kabla ya kuenea. Kampuni imepunguza kasi tu: mwaka 2019 ujumbe mmoja ulizuiwa kufowadiwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukazuiwa kupita mazungumzo mamoja. Kwetu uvumi si mchezo. Baada ya mauaji ya Mpeketoni, humu humu kaunti ya Lamu, ya Juni 2014, sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana, ikidai kwamba barabara ya Witu imeshambuliwa, inaweza kuwazuia watu kusafiri, kuzifikisha habari za msiba wa uongo kwa familia, na kuwafanya majirani wa kabila moja na jingine watazamane kwa jicho baya. Msimamizi anayeifuta sauti hiyo saa sita za usiku, kabla ya kujua ni kweli au si kweli, anafanya uamuzi ambao mhariri wa gazeti hulipwa mshahara kuufanya, na asubuhi anaitwa dikteta.

Kwa hivyo mimi naegemea upande wa msimamizi, kwa masharti. Akifuta, aseme amefuta nini na kwa kanuni gani, mbele ya wote. Anayetolewa aambiwe atarudi lini, kwa sababu kumtoa mtu moja kwa moja kwa kosa la jioni moja ni ukali ambao baraza halikuwa nao. Anayenuia kugombea uwakilishi wadi aache usimamizi kabla ya kuanza kampeni. Hili ni jepesi kusemwa na gumu kutendwa, maana makundi mengi yalifunguliwa na watu wenye nia hiyo hiyo. Kundi lililopita watu mia tatu liwe na wasimamizi wasiopungua wanne, wakiwemo wanawake, wa Langoni na wa Mkomani, na wa bara vilevile.

Sharti hili la mwisho lina sababu nyingine isiyozungumzwa. Makundi mengi yana msimamizi mmoja tu, yule aliyeyaanzisha, na akichoka na matusi akajitoa bila ya kumteua mwingine, programu yenyewe huchagua msimamizi mpya kwa bahati nasibu kutoka kwa waliomo, awe ni mwalimu mstaafu au yule kijana aliyekuwa akimtukana.